Ukingo wa Mfongo

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sioni haya kulisema. Nikikuta unywele kwenye mchuzi, chakula kimekwisha. Mtu akipenga kamasi karibu yangu, nahama kiti. Marehemu mama yangu alikuwa akisema kwamba nilizaliwa nimekunja pua, na mkunga akadhani ni kilema. Nililelewa Kahe, kwa kuwa baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, halafu tukahamia Moshi mjini, kwenye nyumba ya udongo yenye uwanja uliofagiliwa mara mbili kwa siku. Kwetu birika la kutawadhia lilikuwa na mahali pake na kata ya maji ya kunywa ilikuwa na mahali pake, na ole wako uvichanganye.

Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyepelekwa Kibosho mwaka ule, vita vya Hitla vilipokuwa vimekwisha, tena kwa njia ya gengeni, ubavuni mwa mwamba.

Mume wangu alikuwa Mchaga wa Kibosho, seremala, mtoto wa watu wa misheni. Alikuja mjini kutafuta kazi, akaniona, akasilimu, tukafunga ndoa mbele ya kadhi. Kwao hawakumwelewa. Walikuwa hawajaniona hata kwa mbali, lakini kwao ilikuwa kwamba mtoto aliyebatizwa ameliacha kanisa na ukoo kwa siku moja, na sababu ni mwanamke wa mjini. Miaka minne hakukanyaga nyumbani. Baba yake akafa ndani ya miaka hiyo, naye akapata habari watu wakiwa wameshazika. Tangu hapo akimwona mtu yeyote wa Kibosho sokoni alikuwa akimfuata nyuma kumuuliza hali ya mama yake, halafu anarudi nyumbani mikono mitupu, vitu nilivyomtuma amevisahau. Nilimwonea huruma, na wakati huohuo nilikuwa nikikasirika, maana na mimi nilitaka vitunguu vyangu.

Tulipopata mtoto wa kike na akafika miezi minane, mama wa mume wangu akatuma salamu: amlete mkewe na mtoto. Baba mkubwa wake, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo baada ya msiba ule, amekubali kukaa nasi na kunitazama. Akinipokea, mume wangu atakuwa mtu wa kwenda na kurudi kwao kama zamani. Akinikataa, basi ndiyo mwisho, na mama yake hataweza kufanya lolote.

"Sina la kukuomba ila moja," mume wangu aliniambia tukifunga mizigo. "Ile pua yako. Usiwakunjie."

Nikamwambia pua yangu haijikunji bila sababu. Hakucheka.

Lori la kupanda Kibosho lilikuwa halipandi, kwa sababu masika yalikuwa yamelibeba daraja la mto Karanga na kuliacha vipande vipande huko chini. Tukaondoka alfajiri kwa miguu, tukapanda upande wa pili wa mto, upande wa Uru. Mume wangu alisema tutapanda mpaka juu ambako mto ni mwembamba, tushuke korongoni, tuvuke, halafu tufuate mfongo mpaka kwao. Mfongo ni mfereji wa maji. Wachaga huuchimba kutoka mtoni, juu kabisa ndani ya korongo, wakiupitisha ubavuni mwa genge, kidogo kidogo, mpaka utokeze kwenye migomba yao. Njia ni ule ukingo wake. Mjini nilikuwa nimesikia habari za mifongo, na nilidhani ni kitu cha kuvuka kwa hatua moja, kama mtaro wa barabarani.

Kule kupanda tu kulinitosha. Udongo ulikuwa mwekundu, unanata, umechanganyika na mavi ya ng'ombe na maganda ya ndizi yaliyooza, na kila nikiinua mguu kiatu kilitoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Tukapita penye watu waliokuwa wakitengeneza mbege, pombe ya ndizi, wamemwaga machicha kando ya njia, na nzi wamejaa juu yake. Mama mmoja mwema akatukaribisha kivulini. Akamchukua mtoto wangu bila kuniuliza, akamlisha ndizi mbivu aliyoitafuna kwanza yeye mwenyewe, halafu akamnywesha maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu. Niliyaona yote hayo. Nilisimama na tabasamu langu la kuazima. Mume wangu alinitazama kwa jicho la shukrani, nami kwa ajili ya jicho lile nikanyamaza.

Kushuka korongoni ndiko nilikoanza kujuta. Hakukuwa na njia, palikuwa na mizizi ya kushika. Jua halifiki mle. Mawe yote yamevaa majani laini ya kijani yenye utelezi, ukishika yanabaki mkononi. Jongoo wakubwa kama kidole, konokono wasio na magamba wamelala juu ya majani wameacha ute, na mahali fulani pimbi alikuwa amekufa. Sikumwona, lakini harufu yake ilishuka pamoja nasi hatua kwa hatua. Juu ya miti mbega walikuwa wakiruka, weusi kwa weupe, mume wangu akaniambia tazama, tazama wanavyopendeza. Nikainua uso kutazama, na mmoja akakojoa. Nashukuru Mungu mkojo ulinipata begani tu.

"Ni baraka," akasema mume wangu.

"Basi zichukue wewe," nikamwambia.

Chini mto ulikuwa unapiga kelele, hatusikilizani. Hapo ndipo mfongo unapoanzia. Watu wamepanga mawe na magogo na vigogo vya migomba, wakaziba kwa majani na udongo, na maji kidogo yanageuka pembeni yanaingia mferejini, yanakwenda taratibu. Sikuona chochote cha kujivunia. Lakini mume wangu alibadilika pale. Alivua viatu, akaingia mtoni kunawa miguu yake vizuri mpaka vifundoni, akaniambia na mimi ninawe. Akasogeza mdomo sikioni mwangu kwa ajili ya kelele.

"Haya ya mtoni nawa, fua, fanya utakavyo," akasema. "Yakishaingia mle, ni ya kunywa. Usitie mguu, usiteme mate, usioshe kitu. Huu mfongo uko chini ya baba mkubwa. Anayeuchafua hutozwa mbuzi na pombe, na hutajwa jina mbele ya watu wote."

Niliitikia kwa kichwa. Nilimsikia vizuri kabisa. Sitaki kusema hapa kwamba sikusikia.

Tukavuka juu ya mawe na kupanda kwenye ukingo. Sasa ngoja niueleze ukingo wenyewe. Mkono wa kulia ni mwamba, umesimama wima, unatoka maji. Halafu mfongo, upana wa mikono miwili. Halafu ukingo, udongo uliopigwa na kushikiliwa kwa mawe na mizizi, upana wa unyayo na nusu. Halafu hakuna kitu. Kuna vilele vya miti, na chini ya vilele hivyo, ule mto tuliouacha, ambao kila tukienda mbele ulizidi kuwa mbali, kwa sababu mfongo unateremka kidogo sana na mto unateremka kwa pupa. Mwanzoni tulikuwa juu yake kimo cha nyumba. Baadaye sikutaka kupima tena.

Mume wangu alitangulia na mzigo kichwani: sukari, chumvi, blanketi la mama yake. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na kikapu mkononi. Nilitembea kisigino kwa vidole, macho kwenye visigino vya mume wangu, mkono wa kulia nimeuinua juu ya mfongo kuushika mwamba. Mwamba ulikuwa wa baridi na wa utelezi, nikihisi vitu vidogo vinatembea chini ya kiganja changu. Niliona kinyaa mpaka meno yakaniuma, lakini sikuutoa mkono. Mahali penye ufa mkubwa hapakuwa na ukingo kabisa. Walikuwa wameweka gogo lililochongwa katikati ili maji yapite ndani yake, na mtu anapita juu ya gogo lingine lililolazwa pembeni, limeoza upande mmoja. Nilipita hapo nikisoma kila aya ya Kurani niliyofundishwa chuoni, na nyingine nilizitunga, Mungu anisamehe.

Tukaja kwenye ufa wa pili. Gogo la hapo lilikuwa refu zaidi. Mume wangu akasema nisimame, yeye avushe mzigo kwanza, autue upande wa pili, halafu arudi kumchukua mtoto. Nikasimama mahali ambapo wachimbaji wa zamani walikuwa wameukata mwamba kwa ndani, panatosha mtu kuchuchumaa. Yeye akavuka, akapotea nyuma ya kona.

Hapo ndipo mtoto alipoharisha.

Kwanza nilisikia mlio, halafu joto. Joto likapita kwenye nepi, likapita kwenye mbeleko, likashuka mgongoni kwangu mpaka kiunoni, na halikuishia hapo. Yale maziwa mgando na ile ndizi iliyotafunwa na mdomo wa mtu mwingine, vyote viliteremka mgongoni mwangu. Harufu ikapanda. Niko ukingoni mwa genge, siwezi kukimbia, siwezi hata kugeuka. Nilimfungua mtoto, nikamlaza miguuni kwangu ndani ya ule mkato wa mwamba, na nilipoiona ile nepi nilitapika kidogo mdomoni, nikameza.

Nimekaa na dakika zile miaka mingi, na kila nikizigeuza nakuta nilikuwa na sababu. Kwanza, mwalimu wangu wa chuoni alitufundisha kwamba maji yanayotiririka ni twahara, uchafu haukai ndani yake, na mimi tangu utoto nimejua hivyo kama ninavyojua jina langu. Pili, ndani ya mfongo ule nilikuwa nimeona vyura wawili na majani yaliyooza, nikajiambia, maji haya wanayoyatukuza kumbe yenyewe ni haya. Tatu, nitafikaje mbele ya baba mkubwa ninanuka mavi? Nitapokelewaje? Nilijiambia nafanya kwa ajili ya mume wangu. Hiyo ya tatu ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu ilikuwa na ukweli ndani yake.

Nikafua. Nepi kwanza, ile ya kitambaa cha marekani, nikaifikicha mpaka ikawa nyeupe. Halafu mbeleko na upande wa kanga. Halafu matako ya mtoto, naye akilia kwa baridi. Halafu mgongo wangu, kwa kiganja. Mwisho mikono, vizuri, mpaka kwenye kucha. Wingu la manjano likaondoka mkononi mwangu, likaingia kwenye lile gogo lililochongwa, likavuka ufa na kuzunguka kona ileile aliyozunguka mume wangu. Nililitazama mpaka likaisha. Nilichohisi ni nafuu tu. Nilihisi nimekuwa mtu tena.

Mume wangu aliporudi aliniuliza mbona nimelowa.

"Niliteleza," nikasema. "Mkono ukaingia majini."

Akamchukua mtoto, akanishika na mimi kwa mkono mwingine, tukavuka.

Baada ya hapo genge likaanza kulainika. Kichaka kikaja, halafu migomba ya kwanza, na ukingo ukawa njia ya mtu kutembea akitazama mbele. Mume wangu alianza kuongea sana, nikajua tumekaribia. Alinionyesha mahali aliposhinda kutwa na baba yake wakati wa kusafisha mfongo, mti aliowahi kuanguka kutoka juu yake, mpaka wa kihamba cha jirani. Kihamba ni shamba la ukoo, migomba na kahawa na nyumba humohumo ndani. Maji yalikuwa yakienda pembeni yetu mwendo wetu uleule, na mimi bado sikuwa nimefikiri chochote.

"Yanapita nyuma ya nyumba kabisa," mume wangu akasema. "Mama akitaka maji anatoka tu mlango wa nyuma."

Hapo nikasimama. Nikatazama maji, nikatazama mbele yanakokwenda, na yale maneno ya mwalimu wangu nikayatafuta nisiyapate.

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama uwanjani. Mwanamke mfupi, mkavu, kitambaa cheupe kichwani. Hakukimbia. Alimtazama mwanawe toka juu mpaka chini, akamshika mikono miwili, akaikaza mpaka nikaona vidole vya mume wangu vinabadilika rangi. Halafu akamchukua mtoto, akamnusa shingoni. Baba mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya majani, ile nyumba ya mviringo ambamo ng'ombe na watu wanalala pamoja, na moshi na harufu ya mkojo wa ng'ombe vilikuwa vinatoka mlangoni. Alikuwa akinusa ugoro na kutema pembeni. Siku nyingine ningeyahesabu mate yale. Siku ile sikuwa na nafasi.

"Shikamoo, baba," nikasema nikipiga goti.

"Marahaba. Mmepita wapi, na daraja halipo?"

"Tumefuata mfongo, baba mkubwa," mume wangu akajibu.

"Na mtoto mgongoni?" Akanigeukia. "Basi huyu miguu anayo."

Mume wangu akavuta pumzi. Tukaketi. Maneno yakazungumzwa kwa Kichaga, marefu, mume wangu ameinamisha kichwa, na mzee anapiga gongo lake la kutembelea chini mara kwa mara. Baadaye akageukia Kiswahili, kwa ajili yangu.

"Sisi hapa, mkwe tunampokea kwa kata ya mbege. Anakunywa, tunakunywa, imekwisha, ni mtu wetu. Sasa nasikia ninyi pombe hamgusi. Nimpokee kwa nini? Kwa mikono mitupu?"

Mume wangu akamtazama mama yake. Aliyejibu ni mama yake, kwa Kiswahili chake cha kuchagua neno moja moja.

"Nimewaza hiyo tangu Jumapili, shemeji. Atakunywa maji. Maji ya mfongo wetu. Huyu kijana tumemkuza kwa hayo."

Mzee akanusa ugoro. "Maji ni sawa," akasema mwishowe. "Lakini si ya jana ya mtungini. Kachote sasa hivi, tukiona."

Mama mkwe akanyanyuka na kibuyu. Hakuna hata mmoja pale aliyejua kwa nini nilishika ardhi kwa mikono yote miwili. Nilimsikia nyuma ya nyumba anachovya, anamwaga, anachovya tena, maana alitaka yawe safi. Leo akili inaniambia kwamba uchafu wangu ulikuwa umeshapita zamani, umenywewa na watu wengine huko chini nisiowajua. Wakati ule akili haikuniambia kitu. Nilikuwa naliona wingu la manjano tu, linakuja.

Akarudi, akamimina kwenye kata, na kama ilivyo desturi yao, anayekupa ndiye anayeonja kwanza. Alikunywa mafunda mawili. Nilitazama koo lake likipanda na kushuka. Kisha akanipa kwa mikono miwili.

Sikuweza. Kata ilikuwa mikononi mwangu, na mikono haikunyanyuka. Maji yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, kijani kidogo kimeelea, na mimi nilikuwa najua. Nilifungua mdomo nikisema nimwambie, na nilichokiona mbele yangu ni mbuzi na pombe na jina, na mume wangu akirudi kwa ukingo ule, asipite tena. Nikaufunga.

"Anatuonea kinyaa," baba mkubwa akasema. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Mume wangu alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena na mtu yeyote, na sitaki.

Mama mkwe akainama, akaitwaa kata mikononi mwangu taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Akanywa tena mbele yangu, akanywa mpaka nusu, akanionyesha.

"Unaona, mwanangu?" akasema. "Hayana kitu."

Nikaipokea, nikanywa yote. Yalikuwa ya baridi, yana ladha ya mizizi na udongo, na hakuna kingine ambacho ulimi wangu ungeweza kukiapia. Lakini nilikunywa mavi, ndivyo nilivyojua moyoni, mavi niliyoyatia kwa mkono wangu mwenyewe, na niliyemchukia pale uwanjani ni mimi. Si moshi, si mate ya ugoro, si mavi ya ng'ombe. Watu wale siku nzima nimewakunjia pua ndani kwa ndani, na aliyekuwa mchafu kati yetu ni mmoja tu. Baba mkubwa akapiga gongo chini mara moja, akasema neno la Kichaga, na mume wangu akajifunika uso kwa mikono akalia. Ikawa nimepokelewa.

Wanaume wakabaki nje na mbege yao. Mama mkwe akaniingiza ndani, akaniketisha karibu na moto, akachukua kikapu changu atoe vitu vya mtoto. Alitoa kofia. Alitoa shati dogo. Halafu akatoa ile nepi, nyeupe, imekamuliwa, bado inadondosha maji.

Akaishika muda mrefu. Akaitazama, akanitazama kanga yangu iliyolowa upande mmoja, kiunoni tu. Iliyofuliwa mtoni isingekuwa bado inadondosha, na kutoka mtoni mpaka pale, gengeni kote, maji ni yale ya mfongo peke yake, na yeye alikuwa amezaliwa pale.

"Ulifulia wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nikainamisha uso.

Akaiweka nepi chini polepole. Akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikamsikia akitapika kwenye migomba, kwa shida, kama mtu anayejitia kidole, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu isiyo na kitu ndani yake. Huko mbele mazungumzo yakakatika.

"Nani huyo?" baba mkubwa akaita. "Kuna nini huko?"

Nilikaza macho kwenye moto, nikingoja jina langu.

"Ni mimi," mama mkwe akajibu. "Tumbo la uzee, shemeji. Tangu asubuhi. Endeleeni."

Wakaendelea. Akaingia ndani, macho mekundu, anajifuta mdomo kwa upindo wa nguo. Akaokota nepi yangu na kuitandaza kwenye fito za dari juu ya moto, ndani kabisa, mahali ambapo mtu wa mlangoni hawezi kuiona. Halafu akaketi, akanyoosha mikono nimpe mtoto, nikampa. Hakunitazama.

"Hapa kwetu," akasema, "vitu vya mtoto tunafulia mtoni. Kesho nitakuonyesha njia."

Nikachota majivu mekoni kwa mikono miwili, nikatoka kwa ule mlango wa nyuma, nikapiga magoti kwenye migomba, nikayafukia matapishi yake kabla baba mkubwa hajapita huko.